Kikombe cha Pembeni

Boedo, Buenos Aires
11 Machi 1991

Kaka Osvaldo,

Hapa nyumbani sote tunapumua. Baba anapumua kwa kelele kuliko wengine, hasa redio ikitangaza kwamba timu yake imefungwa. Shangazi Tsuru wa Burzaco alilazwa kwa ajili ya nyongo, akatoka hospitali akilalamika kuwa wagonjwa wenzake hawana adabu. Maua yake shambani yanaendelea vizuri. Karela chungu za baba zinazotambaa juu ya paa zimezaa sana mwaka huu. Tumewagawia majirani mpaka wameanza kuvuka barabara wakituona.

Wewe je? Barua yako ya mwisho ilikuwa ya Krismasi na ilihusu theluji tu. Theluji nimeielewa.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita waliingia dukani watu wa filamu. Ninasema watu, lakini alikuwa mmoja, bibi anaitwa Perla, miwani inaning'inia shingoni, mikononi kakumbatia rundo la nguo za kizamani. Alitaka zifuliwe, zipigwe pasi, halafu baadhi yake zichafuliwe upya, ila kwa ustadi. Baba akaniuliza kwa lugha ya kwao Okinawa, "Huyu mama ni mzima?" Bibi Perla hajui lugha ya kwao lakini sura ya baba aliisoma. Akasema, "Mwambie mzee mimi si mzima, ila nalipa."

Filamu yenyewe inahusu familia ya Wahispania wa Galicia, wana duka la mikate hapa mjini. Binti anataka kuondoka, baba yake hataki, wanapigana kwa maneno mpaka unga unakwisha, na mwisho binti anaondoka. Ana gauni la kuondokea, la kijani, la sufu. Kila wakirudia lile tukio, gauni hukunjamana, linaletwa kwangu nilinyooshe ili aondoke tena. Huyu binti ameondoka kwao mara nyingi sana, Osvaldo, na kila mara ni kwa mkono wangu. Nimegundua haichukui muda. Anafungua mlango, anatoka, basi.

Bibi Perla ananitaka. Mwezi wa kumi wanahamia kusini, milimani, kupiga picha za mwisho. Baada ya hapo ana filamu nyingine, na nyingine. Alinikamata mkono hapa kaunta akasema, "Neli, mkono kama huu unafanya nini humu ndani?"

"Unapiga pasi."

"Kwangu pia utapiga pasi. Ila kila mara utakuwa unatazama dirisha jingine."

Nina miaka thelathini na tano na dirisha langu linatazama duka la betri. Nilimwambia baba. Hakukasirika, laiti angekasirika. Alisema, "Osvaldo akirudi, nenda hata mwezini."

Kwa hiyo nakuuliza wewe: unarudi lini? Uliondoka kwa mwaka mmoja, na huu ni wa pili. Unajua mambo yalivyo. Kabati la wazee ni la mtoto wa kwanza wa kiume, vibao vyote vya majina ya marehemu wetu, kuanzia babu wa babu mpaka mama. Kazi yangu mimi ni kuwapelekea chai kila asubuhi kabla hatujafungua duka, kuwasha udi na kufuta vumbi. Siruhusiwi kulirithi na siruhusiwi kuliacha. Shangazi Tsuru anasema vibao vikikaa chini ya mkono wa binti, ukoo mzima utaumwa migongo. Nilimwambia migongo inatuuma tayari, sisi ni madobi. Hakucheka.

Baba bado ananiwekesha kile kikombe cha ziada, kidogo, chenye ufa, nje ya kabati, pembeni kabisa. Nimeshamwambia vikombe vya wazee vimetimia. Anasema weka. Naweka. Nadhani uzee umemvurugia hesabu, na mimi si wa kumsahihisha.

Usipige simu. Simu iko kando ya kiti chake, na baba husikia tu yale yasiyomhusu.

Dadako,
Neli


Tsurumi, Yokohama
2 Mei 1991

Mdogo wangu Neli,

Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu ndani ya treni, mpaka abiria aliyekuwa karibu nami akahamia kiti kingine. Mwambie shangazi Tsuru namwombea nyongo njema.

Mimi sina neno. Maua ya misakura yamekuja na kuondoka, watu wote walikaa chini ya miti wakalewa kwa utaratibu. Huku kila kitu ni kwa utaratibu. Mashine za barabarani zinauza kahawa ya moto ndani ya kopo na zinakwambia asante. Ndizo zinazonisemesha kuliko mtu yeyote, usiwaambie. Jumapili tunacheza mpira na Waperu na Wabrazili. Kwenye mpira wanatufunga Wabrazili, kwenye mapishi Waperu, sisi wa Argentina tunaongoza kwa kueleza kwa nini tumefungwa.

Kiwandani kazi ni nyingi, vipuri vya magari vinatoka mchana na usiku. Msimamizi ananipenda. Nakutumia picha ili baba aone nilivyonenepa. Gari ni zuri, sivyo?

Kuhusu kurudi, nafikiri Desemba, au mwakani mwanzoni. Mwambie baba Desemba. Lakini Neli, angalia hao watu wa filamu. Si watu wa kutegemewa. Wakishamaliza kazi yao wanaondoka zao, humwoni hata mmoja.

Baba mpe mkono wangu. Mama mpe ubani.

Kaka yako,
Osvaldo


Boedo
27 Mei 1991

Kaka Osvaldo,

Tumeipokea picha. Baba aliivalia miwani, kisha akaisimamisha mbele ya kabati ili wazee nao waone. Iko pale mpaka leo, kati ya wali na machungwa. Shangazi Tsuru alipokuja Jumapili aliitazama akasema, "Gari jekundu kwa mtu wa umri wake?" lakini alifurahi, alikula sana.

Baridi imeanza. Makoti yote ya mtaa mzima yamekumbuka kwamba ni machafu. Unajua mimi sikumaliza shule, chuo changu ni mifuko ya wateja. Wiki hii mfuko mmoja wa koti la daktari wa meno ulikuwa na tiketi mbili za dansi, na mkewe ndiye aliyekuja kulichukua. Tiketi nilizitupa. Mtu wa dobi akianza kusema anachokiona, mji huu hautakalika.

Lakini wewe si mteja, kwa hiyo nitasema.

Pale pichani, mwenye gari anaonekana kwenye kioo cha dirisha, mikono kiunoni, anasubiri uondoke. Hilo nakusamehe. Tazama kola ya shati lako. Imepigwa pasi kutoka nchani kuja katikati, na huko Yokohama sidhani kama kuna mwingine aliyefundishwa na mama. Kisha juu ya kifundo cha mkono wako wa kulia kuna alama nyeupe, imejipinda kama mwezi mchanga. Wewe uliondoka hapa huna. Mimi ninayo. Baba anayo. Mama alizikwa nayo. Hiyo ni mashine ya mvuke, kaka. Vipuri vya magari havimbusu mtu mahali pale.

Sijamwambia baba. Yeye anaangalia gari tu.

Unasema watu wa filamu wakimaliza wanaondoka zao, kama vile hilo ni tusi. Ndicho kinachonivutia kwao.

Uko wapi, Osvaldo? Na unarudi lini? Jibu swali lolote kati ya hayo.

Neli


Tsurumi
19 Agosti 1991

Mdogo wangu Neli,

Usinilaumu kwa kuchelewa. Kulikuwa na mvua, kisha joto, kisha sikukuu ya wafu. Watu wa Okinawa wa mtaa huu walipiga ngoma barabarani na nikaona wazee wanacheza kama yule baba yake rafiki yetu Kiyuna alivyokuwa akicheza kwenye ukumbi wa jumuiya yetu huko nyumbani, bega moja juu. Nilitaka kulia nikaenda kununua kahawa kwenye mashine. Ikaniambia asante.

Haya. Umenikamata. Wewe ungefaa kuwa polisi, sema polisi hawasomi kola.

Kiwanda kile nilikaa miezi mitatu, nikaondoka, kelele zilinishinda. Nikatafuta kazi wiki nyingi. Mwishowe niliona kibanda kinatoa mvuke dirishani, na mzee mmoja anahangaika na shuka la hoteli peke yake, analikunja vibaya. Sikuwa nimepanga kitu. Nililishika ncha ya pili tu. Tulipomaliza kulikunja aliniuliza kwetu ni wapi, nikasema Buenos Aires, akasema, "Hapana, kabla ya hapo," nikamtajia kijiji cha baba. Akanipa chai. Nimeizunguka dunia nzima, Neli, nikaangukia kwenye shuka.

Bado hujasikia yote. Mzee ana binti, Setsuko. Tunaishi pamoja, juu ya duka. Mtoto atazaliwa mwezi wa kumi na mbili. Mzee hana mtoto wa kiume, na ana kabati lake la wazee, kubwa kuliko letu. Setsuko hushinda kwenye mashine tangu alfajiri, kwa hiyo chai ya asubuhi naipeleka mimi. Ndiyo, mimi, Osvaldo Afuso, mtoto wa kwanza, nawapelekea chai wazee wa watu. Mzee anataka nichukue jina lao. Nilimwambia haiwezekani, mimi ni wa kwanza kwetu. Akaniambia, "Ulikuja huku. Mtoto wa kwanza hutoka kwao?" Jina bado sijalichukua. Bado sijakataa pia.

Usimwambie baba. Neli, nakuomba. Yeye ana miaka sabini na nane, atakufa akisikia mwanawe anafuta vumbi kabati la watu wengine. Mwache na gari lake jekundu. Hao watu wa filamu waambie wakusubiri mwaka mmoja tu, nipange mambo yangu.

Osvaldo


Boedo
9 Septemba 1991

Kaka Osvaldo,

Hongera kwa mtoto. Ninasema kwa moyo wote, ujue hivyo kabla hujaendelea kusoma. Msalimie Setsuko. Mwambie ana wifi, na wifi huyo anamwonea huruma kwa mambo fulani.

Baba hajambo. Kikohozi kimempungua. Amepata kazi mpya, anachora upya kibao cha mlangoni. Nilimkuta juu ya ngazi, brashi mkononi, rangi imemwingia sikioni.

"Baba, shuka, utaanguka."

"Osvaldo akija Desemba asikute jina limefifia."

"Na jina langu?"

Alinitazama kutoka kule juu, si kwa ubaya. "Wewe utaolewa."

"Na nani, baba? Wanaokuja hapa wote wanaleta nguo chafu."

"Basi chagua mwenye nguo nzuri," akasema, akaendelea kuchora. Alicheka mwenyewe mpaka ngazi ikatikisika. Ningeweza kumwambia pale pale. Nilishika ngazi.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kama vile kuna watu wawili wa kuonewa huruma, wewe na baba. Bibi Perla anaondoka tarehe tano Oktoba na anataka jibu kabla. Kusubiri mwaka mmoja hawezi, filamu haina mwakani.

Nimefikiri sana nikipiga pasi, na huko ndiko ninakofikiria vizuri. Maadamu wewe hujakataa kwa mdomo wako, baba hawezi kufanya lolote. Hawezi kumwita binamu yetu Tito wa Córdoba, ambaye yuko tayari kulichukua kabati na ana ukuta mtupu. Hawezi kufunga duka. Hawezi kuniachia. Siyo kwamba hataki, ndivyo desturi ilivyo, nafasi yako imekaliwa na wewe usiyekuwepo, na hakuna kiti kinachoshindikana kukaliwa kama hicho. Mimi nikimwambia haina maana. Mimi ni binti, na binti anayetaka kuondoka atasema chochote.

Nataka barua moja. Si kwangu, kwa baba. Isiwe na theluji wala mashine za kahawa. Iwe na neno moja: sitarudi. Hatakufa, Osvaldo. Alivuka bahari akiwa na miaka ishirini na tatu, akalala chini ya meza ya pasi miaka miwili, akamzika mama. Neno lako moja halimwui. Mimi ndiye ninayekufa kidogo kidogo, na sifi vizuri, nanenepa.

Asubuhi ya leo nilipomwaga chai ya jana na kuweka mpya, nilijikuta nawahesabu wazee kwenye vibao. Wote wanaume, na wake zao. Nikajiuliza mabinti wa ukoo huu wako wapi, wale waliobaki nyumbani kuwasha udi. Hata kibao kimoja. Nikafuta vumbi, nikafungua duka.

Iandike siku utakayoipata hii. Ikitoka huko siku hiyo hiyo itawahi.

Neli


Boedo
4 Novemba 1991

Osvaldo,

Shangazi Tsuru mzima. Karela zimekwisha. Nimekupa habari za nyumbani, sasa tuendelee.

Bibi Perla alisubiri mpaka dakika ya mwisho, lori lao limesimama mbele ya duka injini inanguruma, dereva anapiga honi. Alitia kichwa dirishani.

"Vipi, Neli?"

"Bado posta."

"Nani amekufungia humu, mtoto wangu? Sioni kufuli."

Nilimkabidhi gauni la kijani kwenye kiango chake, limenyooka, kwenye mfuko safi. Nikasimama mlangoni nikaangalia gauni linaondoka. Halafu nikarudi ndani kwa sababu kulikuwa na suruali ya mtu juu ya mashine.

Barua yako kwa baba ilifika wiki iliyopita. Nilimwona mtu wa posta nikajua mwandiko wako kutoka mbali. Nilimpelekea baba mwenyewe, nikakaa. Akaisoma kwa sauti, kama anavyosoma zote, ili na wazee wasikie. Theluji haikuwepo, nakushukuru. Ulimsalimia, ulimsifu, ulimwuliza kuhusu kifua chake. Kisha ukaandika: Desemba haitawezekana, kazi ni nyingi, ila mwakani bila shaka.

Mwakani bila shaka.

Baba alirudia hilo neno mara moja, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Akaikunja barua. Hakuiweka kabatini. Aliiweka mfukoni, akapanda juu kwa karela zake zisizokuwepo, akakaa huko mpaka giza. Mimi nilifunga duka. Sikukulaani, nilichoka tu. Nilijiona jinsi nitakavyokuwa na miaka hamsini, nimesimama pale pale, nimetazama betri.

Kesho yake nilishuka jikoni kuchemsha maji nikamkuta. Amevaa shati safi. Ameshika birika kama mtu aliyeshika kuku wa jirani.

"Majani kiasi gani?" akaniuliza.

"Ya nini, baba?"

"Ya chai ya wazee. Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani? Sema kwa vidole."

Nikamwonyesha kwa vidole. Alitia mengi. Nikamwambia mengi. Akasema, "Mimi ningependa hivi." Nikamwambia hatumpikii yeye. Hajawahi kuigusa birika hiyo, unajua, tangu mama alipokuwa hai, ni kazi ya wanawake. Alimimina vikombe vyote, sinia likajaa maji. Alipofika kwenye kile kidogo chenye ufa alikijaza vizuri, hata tone halikumwagika.

Nikamwambia, "Baba, hicho kimezidi. Vibao vimetimia."

"Hakijazidi. Ni cha Kamado."

"Kamado nani?"

"Dada yangu."

Tumeishi na mtu huyu maisha yetu yote, Osvaldo. Shangazi Tsuru ni binamu yake tu; ulijua kwamba ana dada wa tumbo moja?

Tulikaa chini mbele ya kabati. Alinisimulia akiangalia sinia, si mimi. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza. Alipokuja Argentina alimwachia dada yake kabati, kwa muda tu, mpaka atakaporudi. Dada akawa anaandika: wazazi wamekufa, kuna mtu ananiposa, anakaa kisiwa kingine, siwezi kwenda na vibao na siwezi kuviacha, unarudi lini?

"Nami nilimjibu neno hili hili," akasema, akagonga mfuko wenye barua yako. "Mwakani. Kila mwaka. Niliandika vizuri kuliko mwanangu, mimi niliweka na maua ndani ya bahasha."

"Halafu?"

"Halafu vita."

Kisha akasema walimkuta pangoni. Alikuwa amejifunga vibao mgongoni kwa mshipi wa kimono, kama mtoto. Majirani waliomzika walivihifadhi, na vita vilipokwisha wakavituma kwa meli.

"Vilifika vyote," baba akasema. "Havina hata mkwaruzo."

"Na yeye kibao chake kiko wapi?"

"Hakuolewa. Binti asiyeolewa hana kibao kwenye kabati la baba yake." Akakisogeza kile kikombe kidogo, upana wa kidole. "Kwa hiyo nikamwekea pembeni."

Mteja aligonga, hatukufungua. Mwishowe baba alisema, bado anatazama sinia, "Osvaldo ana mke huko?" Nikapangusa maji ya sinia. Akasema, "Na kazi yake ni udobi?" Nikamwuliza amejuaje. Akanyoosha mkono akaigonga picha yako, mahali pale pale, juu ya kifundo.

Baba alikuwa akiangalia gari, nilikuandikia. Mpumbavu ni mimi.

Hakuniambia niende. Aliuliza tu udi unawashwa vijiti vingapi, nikamwonyesha, akaunguza kidole, akatukana.

Neli


Tsurumi
20 Novemba 1991

Neli,

Natumaini mko salama. Hapa baridi imeingia. Miti imekuwa mitupu. Setsuko hajambo, miguu imemvimba.

Nimekaa mbele ya karatasi hii tangu jioni. Nimeandika ya baba nikachana, nimeandika tena. Hali ya hewa inatarajiwa kuendelea hivi hivi.

Osvaldo


Esquel, Chubut
8 Desemba 1991

Kaka Osvaldo,

Tazama juu ya karatasi. Ndiyo, Esquel.

Huku tu wazima, isipokuwa upepo, huo ni mgonjwa wa akili. Ndio ulioniokoa. Uling'oa paa la duka la mikate la bandia walilolijenga huku, ukabeba kofia za karne iliyopita mpaka mtoni, wakalazimika kurudia nusu ya kazi. Na msichana wa pasi wa bibi Perla alitoroka na dereva wa lori. Siku ya Jumanne simu ya dukani ililia, baba akapokea kwa sababu iko kando yake. Nilimsikia akisema, "Yupo. Anakuja." Akaweka simu chini. Akaniambia, "Yule mama asiye mzima."

Sikuuliza anakuja nani, wala lini. Nilipanda juu nikachukua begi.

Shangazi Tsuru amehamia Boedo na masanduku matatu ili kusimamia aibu kwa karibu. Anasimama nyuma ya baba kila asubuhi akimkosoa anavyomimina. Baba amemwandikia Tito aje aangalie kabati baada ya mwaka mpya. Duka linafunguliwa asubuhi tu, mashati peke yake. Lakini jambo moja ujiandae nalo. Sisi tukiwaomba wazee huwa tunawatajia jina, mwaka wa kuzaliwa kwa jina la mnyama wake, na mahali mtu anapokaa, wasije wakapotea njia. Baba sasa anawatajia kila siku, kwa sauti: mwanenu Osvaldo, mzaliwa wa mwaka wa nyoka, anakaa Yokohama, Tsurumi, juu ya duka la dobi, mwulizeni wenyewe. Anwani nilimwandikia mimi, kwa herufi kubwa. Ukisikia mtu anatembea chumbani alfajiri, mkaribishe chai.

Baba ana agizo kwako. Si ruhusa, si laana, nimemwuliza. Anasema kwa kuwa chai unaipeleka tayari, kwa wazee wa watu au wa kwako, weka na kikombe kimoja pembeni. Setsuko akiuliza ni cha nani, mwambie ukweli, halafu wewe mwenyewe umwandikie baba. Hataki mwakani nyingine. Anasema moja imemtosha, na hiyo ilikuwa ya kwake.

Juzi tulipiga tena lile tukio. Nilipoletewa gauni la kijani kulinyoosha sikuwasha pasi. Nililikunja kwa mikono, nikalikalia nikinywa chai ya majani ya mate. Bibi Perla alinikuta.

"Unafanya nini na gauni langu?"

"Binti aliyetoka kwao asubuhi hiyo hawezi kuwa amenyooka hivi," nikamwambia. "Hana muda. Anaogopa atarudi ndani."

Alilitazama gauni, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa na nguo ile ile niliyosafiri nayo, sijaibadilisha. Akasema, "Haya, mvalishe hivyo hivyo." Walilipiga mara moja tu. Likakubalika.

Sijakwambia kuhusu kituo cha basi. Baba alinisindikiza, alikataa niite teksi, alibeba begi langu mwenyewe akipumua kwa kelele. Pale mlangoni pa basi hakuliachia begi. Watu wanatusukuma, dereva ameshawasha.

"Utarudi lini?" akaniuliza.

Neno lilikuwa tayari mdomoni, Osvaldo, tamu, limelainishwa na ukoo mzima. Nilimwona ameniangalia mdomo akilisubiri.

"Sijui, baba," nikasema.

"Afadhali," akasema, akanipa begi.

Neli